Picha Iliyobaki Bila Sauti

Siku ile ya picha tulikuwa hawa. Nilikuwepo mimi, mke wa pili wa marehemu mzee wetu. Alikuwepo mke wa kwanza, ambaye boma lote lilimwita Mama Mkubwa, na mimi nikimwita hivyo hivyo ingawa hakunizaa. Alikuwepo shemeji yetu, anayemfuata mume wetu kwa kuzaliwa. Kati ya nyumba yake na yangu kuna ua wa michongoma tu, nao una pengo analopitia akisikia harufu ya chai. Alikuwepo mjukuu wetu, binti wa kifungua mimba wa Mama Mkubwa, amekuja kututembelea kutoka Nairobi. Kwetu mjukuu hana nyanya wa huku na nyanya wa kule, sisi wote wawili alituita kukhu. Na alikuwepo jirani wa juu, mke wa fundi wa baiskeli, aliyekuja kuazima ungo akasahau kuondoka.

Hao ndio. Kama kulikuwa na mwingine, basi alikuwa anapita njia.

Majina yao ninayo yote, na ya baba zao, na la ng'ombe aliyekuwa amefungwa pale chini. Shule niliacha mapema, lakini majina hayajawahi kunitoka. Hata hivyo hapa sitayaandika. Kwetu mtu akifa jina lake hupewa mtoto anayezaliwa, na boma letu limejaa watoto wanaobeba wazee. Nikiandika jina moja wataitika wanne. La Mama Mkubwa bado halijapata mtoto. Jina ambalo halijapata wa kulibeba haliachwi ovyo barabarani likaokotwa na wapita njia.

Basi ilikuwa mwezi wa nane, mahindi yametoka shambani. Huku Shinyalu mwezi huo ukiona jua asubuhi unatandaza mahindi upesi, na sikio moja linabaki upande wa msitu, kwa sababu mvua yetu husikika kwanza kwenye majani ya kule kabla haijafika kwetu. Tulikuwa tumekaa ukingoni mwa turubai tunapukuchua. Mama Mkubwa alikuwa anachagua yaliyooza na kumtupia kuku, huku akimlaumu kuku huyo kwamba anakula kama mtu aliyelima. Kitambaa changu cha kichwa kilikuwa kimeteleza mpaka kisogoni, mimi sina habari. Mjukuu akainua simu.

Nieleze kwanza jambo moja, maana bila hilo picha hii haina maana kwa mtu mwingine.

Mimi nilikuja boma hili nikiwa msichana ambaye hata mtungi ulikuwa bado unanisumbua kichwani. Siku hizo mke mpya hakupewa jiko lake mara moja. Alipika kwenye mafiga ya mke wa kwanza, akala naye, akajifunza naye jinsi mzee anavyotaka obusuma, yaani ugali wake, uwe mgumu na mboga ziwe na chumvi kidogo, mpaka mke wa kwanza mwenyewe aseme sasa huyu anaweza kujengewa. Mzee aliponifikisha mlangoni, Mama Mkubwa aliniangalia kutoka miguuni kupanda juu, kisha akamwuliza, mbele ya watu wote waliokuja kuona bibi harusi, "Umeniletea mwenzangu ama umeniletea mtoto wa kulea?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nililia. Na jina likashika. Mtoto, lete kuni. Mtoto, ugali unaungua. Kule mtoni aliniita hivyo mbele ya wanawake wa rika langu, nao wakalichukua neno wakalichezea. Nililichukia neno hilo kama mtu anavyochukia jiwe ndani ya kiatu.

Siku lilipogeuka mimi siijui. Ningeijua ningeisema. Ninachojua ni kwamba nilipojifungua mimba yangu ya kwanza, mtu aliyekuwa amenishika mgongo ni yeye, na alichosema ni, "Mtoto, mpe mtoto titi," na mimi sikuchukia. Mzee wetu alipozikwa, watu wote wakinipa pole na kunishika mikono, yeye alikuja na sahani akasema, "Mtoto, kula." Nikala. Baba yangu na mama yangu walikuwa wamekwisha kuondoka zamani. Dada zangu nao wakaondoka. Mtu akifika umri wangu anaitwa mama, anaitwa kukhu, vijana wa bodaboda pale Lubao wananiita mathe na kunibebea kikapu. Ni heshima, nashukuru. Lakini wa kuniita mtoto alikuwa amebaki mmoja.

Na huyo mmoja hakupenda picha. Wapiga picha walipokuwa wakizunguka vijijini na kamera zao shingoni, yeye aliingia ndani akafunga mlango. "Uso wangu naujua," alikuwa akisemanga, "na ninyi mnauona bure." Picha yake ilikuwa moja tu, ile ya kitambulisho, ambayo hakuna aliyeamini ni yeye.

Kwa hiyo siku ile mjukuu hakuomba ruhusa. Aliinua simu, akagusa, ikawa imekwisha. Kisha akaja kutuonyesha, na ndipo tukajua kwamba simu ile ilikuwa ya zile zinazopiga picha na kuiba kidogo cha kabla na kidogo cha baada. Ukiitazama hivi, ni picha, watu wamekaa. Ukiweka kidole juu yake ukabonyeza bila kuachia, watu wale wanaamka. Ni muda wa kumeza mate tu, lakini wanaamka. Mama Mkubwa anaacha gunzi, mkono wake unapanda kuja kichwani pangu, na sauti yake inatoka, ile nzito yenye mkwaruzo wa mtu aliyepulizia moto maisha yake yote: "Mtoto, kitambaa chako." Nyuma yake shemeji anakohoa. Halafu wote wanarudi kuwa picha.

Mama Mkubwa alijiangalia kwa makini. Mjukuu alikuwa anangoja kugombezwa.

"Huyu mama anaongea sana," Mama Mkubwa akasema. "Mbonyeze tena."

Tulimbonyeza mpaka mvua ikasikika msituni, tukakimbilia mahindi.

Kabla mwaka haujageuka alikuwa ameenda. Kifua kilimbana, akapelekwa hospitali, akakaa huko siku chache, na aliporudi alirudi kwa gari la maiti. Sitaandika mengi juu ya hapo. Kitambulisho chake kilichukuliwa na ofisi wakati wa kutafuta kibali cha kuzika, kama inavyofanywa kwa kila mtu, na ile picha ambayo hakuna aliyeiamini ikaenda nacho. Ikabaki ya simu.

Watu walipoanza kujaa bomani mjukuu alitaka kutusikilizisha ile sauti. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, nikamwona anaitoa simu, nikatega sikio kuisubiri. Shemeji akamzuia. Kwa upole, hakupiga kelele. Alimwambia kwamba katika boma letu sauti ya aliyekufa haiachiliwi kabla watu hawajanyolewa. Sisi kwetu, baada ya mazishi kuna siku ya kukaa pamoja. Kila mwenye neno na marehemu analisema, kisha nywele zinanyolewa na kilio kinafungwa. Kabla ya siku hiyo marehemu bado yuko njiani, na mtu aliye njiani akisikia sauti yake mwenyewe nyuma atageuka kuangalia nani anamwita. Mimi sikupinga. Hata mimi nimelelewa hivyo. Na Mama Mkubwa mwenyewe, angekuwa hai, angemnyang'anya simu kabla ya shemeji.

Mjukuu ni mtoto mwenye adabu. Aliinyamazisha ile picha, alinionyesha kabisa: kuna kachoro kadogo ka spika, unakagusa, kanapigwa mstari. Kisha kukawa na shida nyingine. Ndugu walikuwa wanaitaka picha kwenye kundi la simu la mazishi, na akiituma wengine hawaioni. Ile simu yake huhifadhi picha kwa aina yake, na simu za watu wengine haziijui aina hiyo. Mdogo wake Mama Mkubwa, aliyeolewa kule Butali, alipiga akauliza kwa nini ametumiwa sanduku la rangi ya majivu badala ya dada yake.

Basi mjukuu akaenda akakaa kando ya tangi la maji na simu yake, akaigeuza. Aligeuza moja ikawa picha ya kawaida iliyosimama, hiyo ya kuchapwa kwenye kitabu cha ratiba ya mazishi. Akaigeuza nyingine ikawa ya aina inayotembea, ambayo inafunguka kwa kila mtu, mkono unapanda, unapanda tena, unapanda tena, bila mtu kubonyeza. Sauti haimo. Na alifurahi kwamba haimo, kwa sababu ilikuwa ni kutii mwiko.

Ndugu waliipokea wote. Yule wa Butali aliiangalia mpaka simu yake ikaisha chaji. Nami nilimwita mjukuu nikamshika kichwa nikambariki, nikamwambia umetuunganisha.

Tukanyolewa. Watu wakaenda makwao. Mjukuu akarudi Nairobi kazini.

Mimi sikuwa na haraka. Watu walishangaa kwamba silii sana. Hawakujua nilikuwa na kitu. Mtu akihifadhi mbegu ya maharagwe hali ile mbegu kwa sababu ana njaa leo. Nilijua sauti iko Nairobi, iko salama, mwiko umekwisha, na siku mjukuu akija nitakaa vizuri, nitajifunga kitambaa, nitaomba nibonyezewe. Jioni nikizima taa nilikuwa najiambia, bado ipo. Kuna jioni nilitaka kumpigia aniwekee sikioni kwa simu, nikaona hapana, isimwagwe hewani. Nitaisikia nikimwona.

Alikuja Pasaka. Tulimchinjia ingokho, na shemeji akapita pengo lake kabla kuku hajaiva. Baada ya kula nikasogeza kiti changu karibu na cha mjukuu.

"Sasa," nikamwambia, "niamshie mwenzangu."

Akatoa simu. Niliona ni nyingine, mpya, pana kuliko ile. Akamleta Mama Mkubwa. Mkono ukapanda, mdomo ukafunguka. Nikangoja. Mkono ukapanda tena.

"Ongeza sauti," nikasema.

"Iko juu, kukhu."

"Basi toa ule mstari wa spika."

Alianza kutafuta. Nilimwangalia uso, nikaona kitu kinaondoka usoni mwake kama maji yanavyoondoka kwenye beseni lililotoboka. Akatafuta huku, akatafuta kule. Shemeji, aliyekuwa bado anakula, akaacha kutafuna.

Nitaandika alichonieleza kwa jinsi nilivyokielewa. Alipobadilisha simu, duka lilichukua ile ya zamani likampa mpya akaongeza kidogo. Kabla ya kuiacha alihamisha picha zake, lakini nafasi ilikuwa haitoshi, ikabidi achague. Ya Mama Mkubwa alikuwa nayo namna tatu. Ile ya kwanza aliiona ni ile ile yenye shida ya kufunguka, ile iliyowaletea watu masanduku ya majivu. Akaiacha. Akabeba ile iliyosimama na ile inayotembea, ambazo kila mtu alikuwa amezifurahia. Alidhani kunyamazisha ni kama kufunga redio, kwamba sauti imo mle ndani inangoja mtu wa kuifungulia.

"Na ile simu?"

Alikuwa amekwisha kupigia duka, hapo hapo, ametoka nje kwenye migomba. Walimwambia simu zote husafishwa kabla ya kuuzwa. Ile ilikuwa imekwisha kusafishwa na imekwisha kuuzwa.

Tuliuliza ndugu wote. Yule wa Butali alikuwa na picha bubu. Baba yake mjukuu, ambaye alitumiwa picha siku ile ile ya mahindi, alikuwa na iliyosimama, kwa sababu kumbe njia waliyotumia kuituma iliigeuza yenyewe bila kuuliza mtu. Kila aliyetupigia alisema anayo, na kila aliyesema anayo alikuwa na bubu.

Mimi sikukubali. Nilifikiri hivi: kitu kilichogeuzwa kwenda, kinaweza kugeuzwa kurudi. Nguo ukiigeuza ndani nje unaigeuza tena. Nikasema kesho twende mjini kwa watu wa picha.

Tukaenda Kakamega, mimi na mjukuu na shemeji, ambaye hakualikwa. Mwenye studio ni mama mmoja kutoka Mumias, mtu wa salaam na taratibu. Alituuliza habari za nyumbani kwanza, mvua, mifugo, mpaka nikatulia. Ndipo akaunganisha simu na kompyuta yake akatuonyesha. Alisema kila picha ina jina, na mwisho wa jina kuna nukta, na baada ya nukta kuna herufi za kuonyesha ni ya aina gani. Ile ya kwanza ingekuwa na herufi zake. Iliyosimama ilikuwa imeandikwa JPG. Hii inayotembea imeandikwa GIF.

Hapo nilielewa kuliko walivyodhani. Ni kama ukoo. Mimi nimeolewa hapa miaka mingi lakini wazee wanaponisalimu kwa heshima hunisalimu kwa ukoo wa baba yangu, kwa sababu mwanamke kwetu haachi ukoo wake mlangoni. Nikamwuliza yule mama, picha ikihama ukoo inaacha nini?

Akaniangalia. "Inategemea inakohamia, mama. Hii GIF haina mahali pa kuweka sauti. Ni nyumba isiyo na chumba hicho."

Shemeji akainama karibu na kioo. "Si ufute hizo herufi uandike za video?"

Yule mama hakubisha, aliziandika ili mzee aone. Alipojaribu kuifungua, picha haikufunguka, hata mkono haukuonekana. "Mzee," akamwambia, "hata nikikuandika daktari hapo kifuani, utanitibu?"

"Inategemea unaumwa nini," shemeji akasema.

Mjukuu hakucheka. Nilimwona anavuta vuta mkanda wa mkoba wake.

Nikauliza swali langu. Nilikuwa nimelibeba tangu nyumbani. "Wakati inageuzwa kutoka ile ya kwanza kuwa hii, sauti ilienda wapi?"

"Haikuenda mahali," yule mama akasema, polepole, kama mtu anayemshusha mgonjwa kitandani. "Iliachwa kule kule kwenye ya kwanza. Hii naweza kukugeuzia aina yoyote unayotaka leo. Nikikupa video itakuwa video ya kimya. Ningekuwa na ya kwanza, ningekutolea sauti peke yake ukaiweka hata kwenye redio."

Nje watu walikuwa wanauza na kununua. Akatuuliza kama tungependa achape kubwa ya ukutani, maana tumetoka mbali. Akaanza kuitengeneza iliyosimama kama wanavyozitengeneza: akaondoa turubai, akaondoa kuku, akaweka mbingu ya buluu na maua ya waridi pande zote. Mimi nikawa nimeondolewa pia, limebaki sikio tu na upindo wa kitambaa. Kisha akasema mkono umetoka na ukungu kwa sababu ulikuwa unatembea, ataukata ili uso uonekane vizuri.

"Mkono uache," nikasema.

"Lakini mama, hauonekani ni mkono wa nini."

"Mimi najua ni wa nini. Uache, na kuku mrudishe."

Alirudisha vyote. Ndiyo iliyo ukutani kwangu sasa, na wageni huuliza kwa nini marehemu ana moshi mbele ya kifua.

Usiku mjukuu hakula. Nilimwambia kwamba hakuna aliyekosa. Mwiko ulikuwa mwiko na yeye aliutii, na kama angeuvunja leo tungekuwa na sauti lakini tungekuwa na maneno mengine. Alisema, "Kukhu, ningeiweka tu nikanyamaza." Nikamwambia ndiyo, ungeiweka. Sikutaka kumdanganya.

Asubuhi shemeji akapita pengo. Aliongea habari za ng'ombe wake ambaye hataki kusimama akikamuliwa, akaongea habari za mbolea. Hakuomba msamaha, na sikumtegemea aombe, maana hata yeye alifanya alilofundishwa. Lakini alikuwa hanitazami. Mwisho akamwambia mjukuu amlete Mama Mkubwa. Mkono ulipopanda na mdomo ulipofunguka, shemeji akafinya koo lake akasema kwa sauti ya mwanamke, "Mtoto, kitambaa chako. Unataka waseme nimekulea vibaya?"

Sijui nilichekaje. Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Ilikuwa kama jogoo amejaribu kutaga. Na nilipomaliza kucheka nikajikuta ninamwambia tena, sema tena, na akasema tena, na haikuwa yeye, na akasema tena.

Mjukuu akasema hayo ya kulelewa vibaya hayakuwemo. Alisema Mama Mkubwa aliyasema baadaye, tukikunja turubai, mvua imeanza. Ile picha ilikuwa fupi, haiwezi kubeba yote hayo. Shemeji akasema yeye alikuwa nyuma yake, anayesikia vizuri ni wa nyuma. Mjukuu akasema wa nyuma alikuwa anakohoa. Wakabishana hivyo mpaka jirani wa juu akasikia kelele, akashuka. Alikuwa ameleta ungo.

Tukamwuliza yeye, maana alikuwepo na hana upande. Akafikiri. Kisha akasema sisi wote tumekosa, kwa sababu Mama Mkubwa hakuongea Kiswahili. Kwa nini angeongea Kiswahili na mimi? Alisema alimsikia kwa masikio yake akisema "mwana wanje", mtoto wangu, halafu habari ya kitambaa.

Ni kweli, mimi na yeye tulipokuwa wawili hatukuongea Kiswahili. Lakini mjukuu wa Nairobi akiwepo tulichanganya, ili asikae kama mgeni. Na tangu Mama Mkubwa afe nimemhadithia mjukuu maneno yale kwa Kiswahili mara nyingi sana, mpaka huenda sasa ninayakumbuka kwa lugha niliyohadithia. Kwa hiyo hata mimi nimemgeuza, bila simu. Na hilo la "wangu" sikumbuki akiniita hivyo hata siku moja. Wala siwezi kuapa kwamba hakuniita. Nilikuwa ninapukuchua mahindi. Nilijua atasema tena kesho.

Jioni siku hizi nikizima taa najaribu kumsikia. Uso unakuja, mkono unakuja. Sauti inakuja ikiwa mbali, na ikikaribia inakuwa ya shemeji, ninacheka peke yangu gizani kisha ninaacha.

Basi ninaandika nilivyoshika. Tulikuwa watu watano, mahindi yalikuwa kwenye turubai, kitambaa changu kilikuwa kisogoni, na mwenzangu aliinua mkono akaniita. Kama ulikuwepo nami nimekusahau, au ulikuwa unapita njia siku ile ukasikia kitu juu ya ua, au ulimjua Mama Mkubwa mahali pengine ukamsikia ananitaja, na unaona hapa nimekosea, nisahihishe. Sitakasirika. Lakini usinisahihishe kwa simu wala kwa kuniandikia. Njoo Shinyalu, uliza nyumba ya ua wenye pengo, keti, unywe chai, kisha uniambie kwa mdomo wako, kwa lugha aliyoitumia, kama alivyosema. Najua utaona haya kumwita mzee kama mimi mtoto. Usione haya. Sema tu.